Nukta Kubwa Kuliko Zote

Programu ilimaliza kupanga nukta zake giza likianza kuingia dirishani, na katikati ya skrini ikabaki nukta moja nyekundu iliyozidi nyingine zote kwa ukubwa.

Nilikuwa nimeketi na afisa ustawi wa jamii katika ofisi ya nyumba salama moja ya Dar es Salaam, inayopokea watoto waliotolewa kwenye kazi za ndani, mabaa na migahawa walikofanyishwa kazi bila malipo. Yeye ndiye aliyeniita. Mimi ni mtu wa takwimu, kwenye kampuni isiyohusiana kabisa na mambo haya. Yeye ana kabati la majalada, na kwa muda mrefu alikuwa akihisi kwamba majalada yale yanajuana. Jina la utani linajirudia. Namba ya simu inajirudia. Binti wa mkoa huu na binti wa mkoa ule, ambao hawajawahi kuonana, wanaeleza nyumba ileile walikolazwa usiku wa kwanza mjini. Kwa hiyo tuliamua kuchora ramani ya watu wanaotajwa kwenye majalada hayo, kila mtu nukta moja, tuone nani ameungana na nani.

Sote wawili tulidhani tunajua nani atakaa katikati ya ramani. Kuna dalali mmoja wa stendi ambaye mabinti wengi walimtaja, wengine kwa jina, wengine kwa kofia yake. Tulimsubiri yeye.

Nukta kubwa haikuwa yake.

Majina yote tulikuwa tumeyaondoa na kuweka alama, kwa hiyo ilibidi dada afisa atoe daftari analolifungia kabatini ndipo ajue ni nani. Akapitisha kidole ukurasani, kikasimama. Akalifunga daftari.

"Huyu ni wetu," akasema. "Yuko hapahapa. Yuko darasa la ushonaji."

Binti huyo alipoletwa kwenye nyumba ile alikuwa na miaka 16.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa wiki kadhaa sasa, na sijaweza kuliweka chini bila kuliandika. Nimebadilisha au kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Mengine ni kama yalivyokuwa.

## Tulichokichora

Sizungumzii Facebook wala Instagram. Uchambuzi wa mitandao ya kijamii ninaousema hapa ni wa zamani kuliko kompyuta za mezani. Unachukua watu, kila mmoja unamfanya nukta. Unachukua uhusiano wao, kila uhusiano unaufanya mstari. Halafu unaacha kwanza kuuliza mtu fulani ana tabia gani, unaanza kuuliza amekaa wapi kati ya wenzake.

Kwenye kila jalada tulitafuta majibu ya maswali machache. Nani alikuambia kuna kazi mjini? Nani alizungumza na mzazi wako? Nauli ilitumwa na nani, ikaingia kwenye simu ya nani? Nani alikupokea stendi? Ulilala wapi kabla ya kufikishwa kwa bosi? Mshahara wako alikuwa anapewa nani? Kila jibu likawa mstari.

Programu yenyewe, Gephi, inapatikana bure, na kompyuta ya kawaida inaimudu. Ina vipimo vingi, ila viwili ndivyo vilivyotuhusu. Cha kwanza kinahesabu mistari tu: nani amegusana na watu wengi. Cha pili, ambacho Mmarekani Linton Freeman alikieleza mwaka 1977, kinachimba zaidi. Chukua watu wawili wowote kwenye ramani, tafuta njia fupi ya kuwafikisha mmoja kwa mwenzake, kisha fanya hivyo kwa kila jozi. Ni mara ngapi njia hizo zinapita kwa mtu huyu mmoja? Mtu anaweza kuwa na mistari michache sana na bado akawa daraja pekee kati ya makundi mawili. Ukimwondoa, makundi hayo hayafikiani tena.

Binti wa ushonaji aliongoza kwa vipimo vyote viwili. Upande mmoja wake kulikuwa na mabinti wa vijiji vya jirani, Nyanda za Juu Kusini. Upande wa pili kulikuwa na nyumba za Dar es Salaam. Katikati, yeye.

Na yule dalali? Alikuwa na mistari mingi, lakini yote ilikuwa ya hatua ya mwisho: kupokea, kupeleka, kulipwa. Tulipomfuta kwa majaribio, ramani haikukatika. Kijiji na mji viliendelea kushikana.

Tulipomfuta binti, ramani ilipasuka vipande viwili.

Ndipo nilipoogopa. Kompyuta ile ilikuwa imetueleza kwa usahihi kabisa kwamba mtu wa kukamatwa kwanza ni mtoto.

## Hudson, 1932

Nilirudi nyumbani nikasoma upya mwanzo wa sayansi hii, kwa kuwa nilitaka kujua kama waliotangulia waliwahi kukutana na jambo la namna hii.

Walianza nalo.

Mwaka 1932, katika shule ya kurekebisha mabinti huko Hudson, jimbo la New York, mabinti 14 walitoroka ndani ya wiki mbili. Ilikuwa idadi isiyo ya kawaida kabisa. Daktari wa magonjwa ya akili Jacob Moreno, akishirikiana na Helen Hall Jennings, aliacha kutafuta "wabaya" kati ya mabinti wale. Alichora. Nani anampenda nani, nani hampendi nani, nani anataka kuishi bweni moja na nani. Michoro hiyo ikatoka kitabuni mwaka 1934, na wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa fani nzima.

Hoja ya Moreno ilikuwa kwamba utoro ule haukueleweka kwa kuangalia tabia ya binti mmoja mmoja. Ulieleweka kwa kuangalia amekaa wapi kwenye mistari. Wazo la kutoroka lilipita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na pengine binti mwenyewe hakujua ni nafasi yake iliyomfikishia wazo hilo.

(Mwimbaji Ella Fitzgerald alipitia shule hiyohiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa kijana aliyefiwa na mama yake. Kila nikisoma kuhusu michoro ya Hudson namkumbuka. Kila nukta pale ilikuwa binti mwenye sauti yake.)

Kwa hiyo kifaa hiki ambacho leo kinafundishwa kwa polisi kilizaliwa kwenye taasisi iliyowafungia mabinti, kikijaribu kueleza kwa nini wanakimbia. Sijui kama wanaokitumia leo wanakumbuka kwamba mchoro wa kwanza ulihusu watoto waliokuwa chini ya ulinzi, na kwamba jibu lake halikuwa kumtafuta kiongozi wa uasi.

## Mistari isiyo na tarehe

Dada afisa hakusubiri vitabu vyangu. Yeye alikwenda kuzungumza na binti, taratibu, kwa siku kadhaa, wakishona. Sikuwepo, wala sikupaswa kuwepo. Alichoniletea baadaye, kwa ruhusa ya binti mwenyewe, kilikuwa hivi.

Aliletwa mjini akiwa na miaka 13, baada ya mtu anayefahamiana na shangazi yake kumwahidi mama yake kwamba atasomeshwa. Hakusomeshwa. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kwanza, akahamishiwa ya pili. Kwenye nyumba ya pili alimkuta mama mwenye nyumba mpole, ambaye hakuwahi kumpiga. Siku moja mama huyo akamwambia rafiki yake anatafuta binti wa kazi. Huna mdogo wako huko kijijini? Mtoto mwenye heshima kama wewe?

Akampigia binamu yake. Binamu akaja. Mama mwenye nyumba akamshukuru kwa vocha na gauni. Baada ya muda akaja rafiki mwingine, na mwingine. Kila mara binti aliambiwa kwamba safari hii mshahara wake utaanza kulipwa, kwamba akileta mmoja tu tena ataruhusiwa kwenda kwao Krismasi.

Kwenye ramani yetu hayo yote yalikuwa mistari inayotoka kwake kwenda kwa mabinti wa kijijini. Mstari haukuonyesha kwamba kabla ya kila simu aliyopiga, kuna mtu alisimama jikoni akamwomba aipige.

Tukarudi kwenye majalada. Tukaweka mishale, kuonyesha ombi lilitoka kwa nani kwenda kwa nani. Tukaweka tarehe, kadiri watoto walivyokumbuka: kabla ya mvua, baada ya Pasaka, mwaka ambao mdogo wangu aliingia darasa la kwanza. Tukachora tena.

Ramani ikageuka.

Kila wimbi la mabinti waliotoka kijijini lilitanguliwa na mshale mmoja uliomwingia binti. Mishale hiyo yote ilitoka kwenye nukta moja ndogo pembeni, nukta ambayo mara ya kwanza hatukuiangalia hata kidogo. Ilikuwa ndogo kwa sababu mama yule hakutajwa na mtu mwingine yeyote. Hakutuma nauli kwa simu yake. Hakwenda stendi. Hakuzungumza na mzazi. Alizungumza na mtoto mmoja tu, jikoni kwake.

Wanaochunguza mitandao ya uhalifu wanalijua jambo hili. Mtu anayeunganishwa na wengi anaonekana na wengi, na anayeonekana ndiye anayekamatwa. Mwenye busara ya uhalifu hujitenga na katikati, akaweka pale mtu mwingine wa kuonekana kwa niaba yake. Kusoma hilo kwenye utafiti wa wauza dawa za kulevya ni jambo moja. Kuona kwamba aliyewekwa pale kubeba macho ya watu ni mtoto wa miaka 15, kwa malipo ya vocha, ni jambo lingine kabisa.

Sheria haituachi gizani hapa. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, inasema kwamba kwa aliye chini ya miaka 18, kumchukua au kumsafirisha kwa lengo la kumnyonya kunatosha kuwa usafirishaji haramu, hata kama hakuna aliyemlazimisha wala kumdanganya. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika miongozo yake ya mwaka 2002, ilisema mhanga asishtakiwe kwa makosa aliyoyaingia kama matokeo ya moja kwa moja ya kusafirishwa kwake. Dada afisa anaijua miongozo hiyo kwa moyo. Anachoogopa ni mchoro kufika mezani kwa mtu asiyeijua.

## Ukikamata mmoja

Tuseme binti hayupo kabisa kwenye hadithi hii, na nukta kubwa ni dalali mtu mzima, mwovu, asiye na utetezi. Tumkamate. Je, watoto wataacha kuja?

Hapa ndipo shaka yangu ya pili ilipoanza. Carlo Morselli, mtafiti wa Canada, alichambua kesi moja ya Montreal ya katikati ya miaka ya 1990, ambamo polisi walikuwa wakikamata mizigo ya dawa za kulevya mara kwa mara bila kuwakamata watu, huku wakisikiliza simu zao. Ilikuwa nafasi adimu ya kuona mtandao ukipigwa na kujipanga upya. Ulijipanga. Aliyekuwa kitovu akapoteza nafasi, wengine wakapanda, njia zikabadilika. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi, wakitumia taarifa za polisi kuhusu kilimo haramu cha bangi, walionyesha jambo zito zaidi: baada ya watu kuondolewa, mtandao ulipojikusanya tena mara nyingi ulifanya kazi kwa ufanisi zaidi kuliko mwanzo.

Kwenye stendi zetu mtu hahitaji utafiti kulijua hilo. Dalali akikamatwa Jumatatu, Ijumaa kuna mwingine amesimama palepale. Kazi ya dalali haihitaji ujuzi wa miaka. Inahitaji simu, na mtu wa kumpelekea mtoto.

Kisichopatikana haraka ni mtu ambaye mama wa kijijini anamwamini. Hiyo ndiyo mali adimu ya biashara hii. Mzazi hamkabidhi mtoto wake kwa dalali. Anamkabidhi kwa binti wa jirani aliyerudi likizo akiwa amependeza, kwa mke wa mtu wa kanisani, kwa shangazi. Ukitaka kujua mtandao unashikwa na nini, fuata imani ya mzazi, hatua kwa hatua, hadi uone inaishia wapi.

Na imani hiyo huwezi kuitia pingu.

## Mistari hii ndiyo iliyotulea

Nililelewa na shangazi kwa miaka kadhaa. Wewe unayesoma huenda ulilelewa na bibi, au nyumbani kwenu kulikuwa na mtoto wa mjomba aliyekuja kusoma sekondari mjini, akachota maji na kuosha vyombo kama watoto wengine. Hakuna ukoo ninaoujua usio na mtoto aliyelelewa nje ya nyumba ya wazazi wake. Kuna watu leo ni madaktari kwa sababu mtu alituma nauli, mtu akawapokea stendi, mtu akawalaza usiku wa kwanza.

Chora hayo kwenye Gephi. Utapata ramani ileile.

Nukta zilezile, mistari ileile, daraja lilelile katikati. Shangazi yangu, aliyewapokea watoto wa ndugu zake wote, angekuwa nukta nyekundu kubwa. Kwa umbo peke yake, wema wake na biashara ya yule mama havitofautiani.

Sheria nayo inaacha eneo la kijivu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kwa hiyo binti wa miaka 14 kuwepo kwenye nyumba ya watu akisaidia kazi hakutoshi kuthibitisha chochote. Tofauti iko ndani ya nyumba: analala wapi, anapumzika saa ngapi, anasoma, analipwa, anaruhusiwa kumpigia mama yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye umbo la mtandao.

Ndiyo maana nasitasita ninaposikia watu wakisema kwa shauku kwamba tuchukue taarifa za miamala ya simu, orodha za abiria, na laini zote zinazopiga kutoka kijiji fulani kwenda Dar, tuziingize kwenye kompyuta, wasafirishaji watajitokeza. Watajitokeza mashangazi. Watajitokeza walimu, wachungaji, makondakta, na kila mtu ambaye watu humkimbilia.

Mtafiti Malcolm Sparrow aliandika mwaka 1991 kuhusu matatizo ya kutumia uchambuzi huu kwenye ujasusi wa uhalifu, na maneno yake hayajazeeka: taarifa hazikamiliki kamwe, mipaka ya mtandao haijulikani, na mtandao wenyewe unabadilika ukiwa unauchora. Kwenye kabati letu hayo yote yalikuwa wazi. Sisi tuliona watoto waliofanikiwa kutoka tu. Binti anayefungiwa ndani hana jalada. Na kwa kuwa binti wa ushonaji alihojiwa kwa kina kuliko wengine, sehemu ya ukubwa wa nukta yake ilitokana na ukweli kwamba yeye ndiye aliyetueleza mengi.

Aliyetuamini zaidi ndiye aliyeonekana mwenye hatia zaidi. Sentensi hii nimeiandika na kuifuta, nikairudisha, kwa sababu sioni njia ya kuikwepa.

Kisha kuna mpaka. Mwaka 2022 uchunguzi wa BBC ulionyesha watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania kwa ahadi nzuri, wakaishia kuombeshwa mitaani Nairobi. Ramani iliyochorwa Dar ingemwonyesha mtoto wa namna hiyo akiishia Namanga au Sirari, mstari ukikatika hewani. Ramani ya Nairobi ingemwonyesha akianza tu pale barabarani, bila kwao. Nusu mbili za mtoto mmoja, kwenye makabati mawili ya nchi mbili.

## Mstari ambao haupo

Nilichokuwa nakitafuta nilikipata kwenye kazi ya mtafiti Ella Cockbain na wenzake wawili wa London, iliyotoka mwaka 2011. Walichukua operesheni mbili za polisi wa Uingereza kuhusu watoto waliosafirishwa ndani ya nchi hiyohiyo kwa unyanyasaji wa kingono, wakatumia programu na mafunzo ambayo polisi tayari walikuwa nayo. Wengi huipenda kazi hiyo kwa namna ilivyowachora wahalifu. Mimi nilisimama kwenye jambo jingine: walichora pia mtandao wa wahanga wenyewe. Nani ni rafiki wa nani kati ya watoto. Mapendekezo yao yalitoka nje ya kukamata, yakaenda kwenye kuzuia.

Nikampigia dada afisa usiku uleule. Nikamwuliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu yake: kila mtoto aliyetoka, alitoka kwa mlango gani? Nani alikuwa wa kwanza kujua?

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mdogo wangu," akasema, "hilo nakujibu bila kompyuta. Mama wa genge."

Hakukosea sana. Tulipopitia majalada tena, njia ya kutoka ilianza karibu kila mara na mtu mmoja wa nje ya nyumba ya bosi. Muuza mboga wa genge la mtaani aliyeona mtoto anakuja kununua nyanya akiwa na jeraha lilelile. Fundi wa cherehani wa mtaani. Dada wa kazi wa nyumba ya jirani, wakianika nguo pande mbili za ukuta. Mjumbe aliyefika kuandikisha watu akamkuta mtu asiyetajwa. Mstari mmoja, dhaifu, wa mazungumzo mafupi.

Wengi walikuwa na mstari mmoja tu. Hapo nilielewa kwamba tulikuwa tukikitazama kifaa hiki kichwa chini. Tulikitumia kutafuta penye mistari mingi, ilhali hatari ya mtoto iko pasipo na mistari. Shangazi yangu na yule mama wanafanana kwa umbo ukiwachora wao. Ukimchora mtoto, hawafanani hata kidogo. Mimi kwa shangazi nilikuwa na walimu, marafiki wa mtaani, wenzangu wa kwaya, mama niliyempigia Jumapili, na mjomba ambaye angefunga safari kama ningenyamaza mwezi mzima. Binti wa ushonaji, miaka mitatu mjini, alikuwa na mistari mingi ya kwenda kijijini na nyumba za mabosi, na nje ya hapo hakuwa na mtu. Hakuna hata mmoja mjini ambaye angegundua siku akitoweka.

Hilo linapimika. Halihitaji taarifa za simu za mtu yeyote. Halimtuhumu shangazi wa mtu. Linahitaji mtu aketi na mtoto amwulize anamjua nani.

## Fomu mpya

Dada afisa amebadilisha fomu yake. Safu mbili za zamani, moja ya "mhanga" na nyingine ya "mtuhumiwa", ziliwalazimu waandikaji kuchagua. Amezifuta, na badala yake kila mtu anayetajwa anaandikiwa alichokifanya, aliyemwomba akifanye, na umri wake siku hiyo. Umri ni lazima. Mstari wowote unaoanzia kwa mtu wa chini ya miaka 18 unaonekana kwenye karatasi kwa rangi ya peke yake, ili hata mchoro ukifika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au mahakamani, anayeusoma alione hilo kabla ya ukubwa wa nukta.

Daftari la majina halitoki kabatini. Faili la ramani limebaki kwenye kompyuta yake tu. Mimi sina nakala. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 mambo haya yana msingi wa kisheria, lakini yeye alikuwa akifanya hivyo kabla haijatungwa.

Kuna maswali mapya mawili. La kwanza: ukipata shida usiku, unaweza kumfikia nani bila kupitia kwa bosi? La pili: nani angejua kama hujaonekana kwa wiki moja? Mtoto anapohama kutoka nyumba salama kwenda kwa ndugu, au kurudi kijijini, maswali hayo anaulizwa tena baada ya muda. Majibu yakiwa matupu, kazi ya ustawi inaanzia hapo: kumtambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mwalimu, kwa mama wa duka la jirani, na kuhakikisha anaijua kwa moyo namba 116, ambayo ni ya watoto na haina malipo, Tanzania na Kenya.

Binti wa ushonaji hajaambiwa kwamba aliwahi kuwa nukta kubwa. Tulijadiliana sana kuhusu hilo. Anajua kwamba mabinti aliowapigia simu waliumia, na hilo anabeba. Binamu yake bado hajapatikana. Anajua pia, kwa kuwa dada afisa amemwambia mara nyingi, kwamba alikuwa mtoto alipoombwa. Kumwonyesha mchoro kungeongeza nini? Mimi nilifikiri ana haki ya kuuona, kwa kuwa umetokana na maneno yake. Dada afisa alifikiri asubiri hadi atakapouliza. Tumefuata la dada afisa, na bado sina hakika.

Mama mwenye nyumba ya pili amehojiwa. Sitaandika zaidi ya hapo kwa kuwa shauri halijaisha.

Kinachotushinda sasa ni mpaka. Kama unafanya kazi na watoto upande wa Namanga, Sirari, Holili au Taveta, kwenye nyumba salama, ustawi au hata stendi, naomba uniandikie. Sihitaji jina la mtoto hata mmoja. Nataka kujua mnamwandikaje mtoto mnayemkabidhi upande wa pili: karatasi gani inakwenda naye, nani anaisaini, na kama kuna mahali popote kwenye karatasi hiyo panapouliza ni nani anayemfahamu huko anakopelekwa.